Kanga na Mbegu Saba za Maboga

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kwa nguvu, inaelekea mmeshiba. Basi sikilizeni habari za asiyeshiba.

Hapo zamani za kale alikuwapo Kanga, mama wa vifaranga sita. Awali walikuwa wanane. Kiangazi kilichopita njaa iliwachukua wawili. Kanga akaapa kwamba mwaka huu hatangoja kuokota, atapanda maboga nyuma ya nyumba.

Masika yakaja. Kanga akalima, akapanda mbegu, akafukia. Asubuhi akasema moyoni, hebu nione zimefikia wapi. Chaku-chaku, chaku-chaku! Akazifukua, akazitazama, akazifukia. Kesho yake tena, chaku-chaku. Keshokutwa tena. Siku ya nne vimizizi vyote vimekatika. Kanga akaulaumu udongo. Akapanda nyingine, akachakura tena. Mazoea yana taabu, na miguu ya kanga ilizaliwa kuchakura. Nanyi mnaocheka, nani kati yenu hajafunua chungu kabla wali haujaiva?

Mvua zikapungua. Ndani ya kibuyu zikabaki mbegu saba. Kanga akawatazama wanawe, akazipanda huku machozi yakimtoka. Kulipokucha, mguu ukainuka wenyewe.

"Jirani, uweke chini huo mguu."

Alikuwa Fuko, akaaye chini ya ardhi, ametoa pua tu.

"Nataka kujua kama ziko hai," akasema Kanga. "Hizi ndizo za mwisho. Zikifa hizi, nitazika tena."

"Mimi ndiye nikaaye huko chini. Mbegu huanza kushuka, ndipo ipande. Kila ukifukua, unamkata mguu mtoto anayejifunza kusimama."

Kanga akainama. Akasema miguu yake haijui kutulia. Afanyeje, aifunge kamba?

"Miguu yako haina kosa," Fuko akamjibu. "Kosa ni mahali unapochakura."

Akamtuma msituni. Kila asubuhi Kanga akachakura majani makavu chini ya miti, chaku-chaku, na vifaranga wakayabeba kwa midomo hadi kwenye tuta. Wakayatandaza, jua lisiunyonye udongo. Magugu ya pembeni akayachakura pia, lakini tuta hakuligusa. Siku ya tano, kimya. Siku ya sita, kimya. Mguu uliinuka, akaushusha, hakufukua. Siku ya nane jani moja bichi likayasukuma yale makavu, likachungulia. Siku ya kumi yakawa machipukizi saba.

Kiangazi kikaingia, nyasi zikakauka kila mahali. Nyuma ya nyumba ya Kanga maboga yalitambaa hata yakakosa pa kupita. La kwanza akalipeleka mlangoni kwa Fuko. La pili akawapasulia wanawe. Akawahesabu wakila: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita. Akawahesabu tena, kwa raha tu.

Haya wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: ukishapanda, tunza, usifukue. Mvumilivu hula mbivu.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye tuta la maboga. Aliye na mbegu na akapande.