Sikio Lililolala, Jua Lake ni Mkono

Sikio lililolala, jua lake ni mkono.

Neno hilo mmelisikia leo kwa shangazi yenu, alipomjibu Elinihaki aliyesema kwamba babu yake kitandani hana shida, maana hajamsikia akilalamika. Mkacheka, mkauliza sikio na jua vinahusiana nini na mgonjwa. Haya, endeleeni kupukuchua mahindi, kazi ya mikono haizibi masikio. Chanzo cha neno lenyewe ni hiki, na wala si cha kuchekea.

Kijiji cha Mkomba kilikuwa tambarare, chini ya milima, kando ya mto Mhwale. Kuuita mto ni kuupa heshima tu, kwa kuwa miezi minane ya mwaka ulikuwa mchanga mtupu. Wanawake walichimba visima humo mchangani, vingine vikimzidi mtu kimo, wakateka maji kwa kibuyu. Ukame walikwisha kuuzoea. Walichokiogopa ni mvua ya mlimani. Kule juu ikinyesha, huku chini jua linawaka na anga haina wingu, na maji yanashuka na magogo na mawe. Aliye ndani ya kisima haoni wala hasikii mpaka yamemfikia. Kila ukoo pale Mkomba ulikuwa na kaburi lisilo na mtu ndani.

Hapo aliishi Kiondo, mfugaji wa ng'ombe, mtu mpole, aliyeogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa chui. Ujanani aliwahi kumbebea vyombo mpima ardhi mmoja aliyetoka mbali, na mpimaji alipoondoka alimwachia mbwa wake. Hakuwa mbwa kama hawa wetu. Masikio yake yalikuwa marefu na mazito, yamelala mashavuni, akinywa maji yanachovya bakulini. Kiondo akamwita Tarishi.

"Nakuachia na sharti moja," mpimaji alimwambia. "Kila akilowa, yanyanyue masikio yake, uyafute kwa kitambaa laini kikavu. Pale kidole kinapoishia, usiendelee. Kisha yashike wazi mpaka yakauke. Sikio la namna hii halipati upepo. Ukisikia harufu ya kuchacha, ujue umechelewa."

Kiondo aliyashika maneno hayo. Mama mkwe wake, Bibi Namvumo, aliposikia, alichana pindo la kanga yake kuukuu, akampa binti yake Nakijwa ampelekee mumewe, kwa sababu kwao mkwe hakabidhiwi kitu mkono kwa mkono. Kitambaa kikatundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Kila jioni Kiondo aliketi kizingitini, kichwa cha mbwa magotini pake, akafuta sikio moja, kisha la pili.

Tarishi aliulipa wema huo. Mchana mmoja alikuwa amelala ukingoni, wanawake wako visimani, mara akainua kichwa, akaelekea mlimani, akalia mlio mrefu ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Nakijwa alitoka kisimani kutazama mbwa ana nini. Wenzake wakatoka kumtazama Nakijwa ana nini. Maji yakafika hawajamaliza kuulizana. Ilipotokea mara ya pili, wanawake walikubaliana: hakuna kushuka mtoni mpaka Tarishi awe ukingoni.

Mngedhani mbwa huyo aliheshimiwa na kijiji kizima. Kwa wanawake, ndiyo. Wanaume walipokutana joshoni, kwenye birika la maji ya dawa, kuogesha ng'ombe walikuwa na maneno mengine, na bingwa wa maneno hayo alikuwa Mrutu, kaka yake Nakijwa.

"Shemeji," alisema siku moja, "leo umemfuta bwana mkubwa masikio?"

"Nimemfuta," Kiondo akajibu.

"Na wanja je, umempaka?"

Watu wakaangua kicheko. Mrutu akaongeza, "Mbwa wetu masikio yao wima, jua linawafuta bure. Jua hili linalokausha matofali litashindwa na sikio la mbwa?"

Kiondo alicheka nao, kicheko cha meno tu. Siku hiyo mbwa wote walitupwa joshoni, kama ilivyokuwa kawaida yao, ili kupe wafe. Tarishi naye akatupwa, kwa mara ya kwanza, na Kiondo mwenyewe ndiye aliyemtupa. Walipofika nyumbani alimlaza juani, akakipita kitambaa pale msumarini kama hakioni. Alijiambia kwamba Mrutu amesema kweli, jua la Mkomba halina mpinzani. Alisahau kwamba sikio lile limejifunika lenyewe, na jua halina vidole vya kulifunua. Tangu siku hiyo hakumfuta tena, na kila juma Tarishi alitumbukia joshoni na wenzake.

Mbwa akaanza kutikisa kichwa. Akajikuna mpaka manyoya yakanyonyoka nyuma ya masikio. Akawa anatembea kichwa upande, inzi wakimfuata.

"Baba Tunu," Nakijwa alimwambia mumewe, "mbwa ananuka kama togwa iliyochacha. Na jana nimemwita mara tatu, hakugeuka."

"Kupe hao. Josho litawamaliza."

"Basi nimfute mimi?"

"Wewe nawe! Unataka kaka yako apate la kusema tena? Mwache."

Hapa ndipo penye uchungu wa hadithi hii, wanangu. Kiondo alikwisha kujua. Harufu ile aliitambua, na maneno ya mpimaji yalimrudia moja baada ya jingine. Kilichobaki kilikuwa kuwaambia wanawake kwamba mlinzi wao hasikii tena. Lakini angesema hivyo wangemuuliza imekuwaje, na aibu ikamfunga mdomo. Akajipa siku mbili tatu, labda mbwa atapona. Wanawake wakaendelea kumkuta Tarishi ukingoni, wakashuka visimani kama siku zote.

Siku ya tatu, jua la utosi, Kiondo alikuwa mwinukoni na ng'ombe. Aliona ndege wakiruka kutoka kwenye miti ya kando ya mto, mti baada ya mti, wakija upande wa visima. Akajua ni nini. Akatazama ukingoni. Tarishi alikuwa amelala, kidevu juu ya miguu, ametulia.

Kiondo alipiga mluzi. Mbwa hakuinua kichwa. Akateremka mbio huku akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

"Tokeni! Nakijwa! Maji hayo! Tokeni!"

Nakijwa alisikia, akapanda, akawavuta wawili waliokuwa karibu naye. Kisha akashika kichwa. "Mama! Mama yuko kisima cha mwisho!"

Kiondo alifika kwenye kisima hicho, akalala kifudifudi mchangani, akanyoosha mkono. Bibi Namvumo alikuwa chini kabisa, nywele zake nyeupe, kibuyu bado mkononi. Akakiachia, akainua mkono wake. Tangu Kiondo amwoe bintiye hawakuwahi kugusana mikono, na sasa vidole vyao vilishikana. Alikuwa mwepesi. Alikwisha kumvuta akatokeza mpaka kiunoni, maji yalipowapiga wote wawili. Kiondo alikuja kushika mzizi mbele sana huko, akatolewa akiwa hai. Bibi Namvumo hakuonekana tena. Walimtafuta siku nne, kisha wakazika kanga yake.

Siku ya maziko Mrutu alikuja uani kwa Kiondo na mkuki. Waombolezaji wakampisha.

"Nionyeshe mbwa huyo," alisema. "Mama yangu anakufa na yeye amelala! Leo namchoma."

Kiondo alikuwa amempakata Tarishi. "Sogea kwanza utazame, shemeji," alisema. Akalinyanyua sikio. Ndani palikuwa pekundu, pamevimba mpaka tundu limezibika, usaha ukitiririka. Harufu ikawafikia watu walioketi mkekani.

"Tangu lini?" Mrutu aliuliza.

"Tangu siku ile ya josho niliacha kumfuta. Harufu niliisikia siku tatu kabla ya maji, nikajua hasikii, nikanyamaza. Ukichoma, anza na mimi."

Mrutu aliushusha mkuki. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Ni kwa ajili ya kicheko changu?"

Mrutu akauegemeza mkuki ukutani, akauona msumari na kitambaa. Akakitambua. Kilikuwa pindo la kanga ile ile waliyotoka kuifukia. Alikitungua, akakipapasa, kilikuwa kikavu kabisa. Akapiga magoti, akafuta sikio la Tarishi taratibu, kidole chake kikiishia pale kinapoishia. Mbwa aligumia kwa maumivu lakini hakuuma. Machozi ya Mrutu yalikuwa yanadondoka, naye akayazuia yasiingie mle sikioni.

"Jua limewaka siku zote hizo," alisema, kama anayejisemea. "Kumbe sikio lililolala, jua lake ni mkono."

Bwana mifugo aliletwa, akatoa dawa, akawakanya wasimtupe tena mbwa yule joshoni. Sikio moja lilipona, la pili halikupona kamwe. Nakijwa aliendelea kumpikia mumewe, lakini hakumwita Baba Tunu mpaka mavuno yalipopita. Na pale Mkomba ikawa desturi: mwanamke wa kwanza kufika mtoni, kabla hajatua ndoo, huinua masikio ya mbwa, huyatazama, huyafuta. Walifanya hivyo kwa Tarishi mpaka alipozeeka akafa, na neno la Mrutu likabaki midomoni mwa watu.

Sasa wewe, Elinihaki. Babu yako tangu apooze hawezi kugeuka mwenyewe, wala maneno hayamtoki. Hajalalamika, ni kweli. Acha hayo mahindi, wenzako watamaliza. Nenda kamgeuze ubavu, ufunue shuka, utazame mgongo wake kama ni mkavu. Sikio lililolala, jua lake ni mkono.