Perege Ndani ya Mfuko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa tangi la kioo. Mpo?
Tupo!
Basi punguzeni kelele, maana humo ndani kuna mtu ana mayai.

Tangi lenyewe lilikuwa sebuleni kwa Bi Ruzuna. Changarawe chini, majani mabichi juu yake, pampu pembeni ikinguruma bru-bru-bru kutwa kucha. Bi Ruzuna alikata majani yaliyooza, akabadilisha maji kidogo kidogo, akawasemesha samaki wake utadhani wajukuu. Hofu yake ilikuwa moja, ugonjwa. Zamani aliwahi kuleta samaki aliyelala ubavu, na haukupita muda tangi zima likalala ubavu. Tangu hapo akaapa: mgeni akilala ubavu tu, anarudi dukani.

Humo aliishi Uduvi, mdogo kama ukucha. Alibeba mayai chini ya tumbo, akiyapepea, pepe-pepe-pepe, yapate hewa.

Siku moja, pwaa! Mfuko wa plastiki ukatua juu ya maji. Ndani yake Perege, mnene, mdomo wazi. Bi Ruzuna hakumwaga mgeni hivihivi. Aliuacha mfuko uelee kwanza, maji ya ndani yapate joto sawa na ya nje.

"Haya, zoeaneni. Nikimaliza maandazi nakuja kumfungulia," akasema, akaenda jikoni.

Perege akachungulia. "Nyinyi huko! Nikitoka nakula majani. Nikimaliza majani nakula samaki. Nikimaliza samaki nakula yale mayai."

Chwaaa! Maandazi yakaingia mafutani.

"Pole, dada," akasema Konokono, jirani yake Uduvi. "Mimi nafunga mlango." Akajifungia ndani ya gamba lake.

Uduvi akaogopa, akaogopa sana. Pepe-pepe-pepe. Akimbilie wapi, na kioo kila upande? Chwaaa! Mengine yakaingia. Akapanda jani refu mpaka kwenye mfuko.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kuliwa mapema?"

"Nimekuja kukupa desturi ya nyumba. Mgeni akiogelea wima, bibi anajua ameshiba. Akilala ubavu, macho yamelegea, bibi anasema masikini, ana njaa. Anamwagiwa bakuli zima la minyoo."

"Bakuli zima! Na wengine?"

"Wengine wanatazama."

Hapo pa kutazama Perege akapapenda sana. "Nilale vipi?"

"Kama maiti, bwana. Wengi wanaharibu kwa kutikisa mkia."

Jikoni kukawa kimya. Hakuna tena chwaaa. Ndara zikaanza kuja, kwapa-kwapa-kwapa.

"Na kama unanidanganya?" akauliza Perege, bado yu wima.

Uduvi akapepea mayai, pepe-pepe. "Nikikudanganya, bwana, nitakwenda wapi? Si nipo humu humu?"

Kwapa-kwapa. Mkasi ukang'aa. Perege akajitupa ubavu, tu!

"Yarabi!" Bi Ruzuna akapiga kelele. "Huyu mgonjwa! Anataka kunimalizia wanangu!"

Mfuko ukanyanyuliwa, maji yakadondoka cho-cho-cho. Perege hakutikisa mkia. Minyoo inakuja, alijiambia. Mlango ukalia kriii, ukafungwa.

Konokono akatoa kichwa. "Ameenda?"

"Ameenda."

"Sasa mbona unatetemeka?"

"Dukani bibi atabadilishiwa mwingine."

Jioni, kriii. Pwaa! Mfuko mwingine. Uduvi akapanda jani. Ndani akakuta kisamaki chembamba, kimejikunja pembeni, kimeanza kulalia ubavu kwa woga.

"Shikamoo, dada. Desturi za humu ni zipi?"

Ndara zilikuwa zinakuja tena, kwapa-kwapa-kwapa.

"Wima, mdogo wangu," akasema Uduvi. "Simama wima, nakuomba!"

Na mimi nimefika ukingoni mwa tangi. Mliokuwa nje, mmeona?
Tumeona!
Mmejifunza nini? Basi nitawaambia mimi: mgeni akija, mwambieni ukweli mtupu. Na mkiwa wageni, mfuateni mwenyeji kwa kila neno, hasa akiwa ni mdogo na anatetemeka.