Kindi, Chupa ya Dawa na Pua ya Kiboko

Hebu niambieni, nyie watoto: kwenu, chupa ya dawa ikibaki nusu, hulala wapi? Juu ya kabati? Ahaa! Basi tulieni.

Hapo zamani za kale, enzi ukungu ulipokuwa ukija mpaka mlangoni kama mgeni aliyesikia harufu ya uji, Kindi aliishi darini kwa Mama Ndovu. Huko juu alisikia kila kitu, hata pumzi za Tunu, mtoto wa Mama Ndovu: khoro, khoro, khoro. Kifua. Zahanati wakampa antibaotiki, ile ya unga unaokorogwa kwa maji. Tunu akanywa, homa ikashuka, akalala akiota mito ya maziwa.

"Kapona!" Mama Ndovu akaifunga chupa, kyu! "Hii iliyobaki ni akiba ya homa ijayo."

Kindi akachungulia kutoka darini. Msimu uliopita ilikuwa hivihivi: akiba kabatini, kifua kikarudi na hasira zake, Tunu nusura azikwe. Imagine! Mwili wote ule wa Mama Ndovu, logic hakuna.

"Mama Tunu, mpe mpaka dozi iishe."

"Nyamaza we, mkia mrefu kuliko akili! Umezaa wangapi?"

Kindi akapanda zake darini. Na Kindi akipanda bila kubisha, ujue anapika jambo.

Mara, puu! puu! puu! Mama Kiboko huyo, anatokea mtoni. Kindi akateremka, chirr! akamwahi ndani ya ukungu.

"Shikamoo, mama. Wapi hiyo?"

"Marahaba. Nasikia dawa ya Tunu imebaki nusu chupa, naenda kuiomba. Wangu ana mafua."

"Ile? Looo! Ile ni ya wenye mkonga. Asiye na mkonga akinywa, unaota!"

Kiboko akajishika pua. "Unaota?"

"Mpaka magotini! Mpeleke wako zahanati apimwe. Kama anahitaji dawa, atapewa yake."

Kiboko akageuka, puu puu puu, pua kaikumbatia.

Kindi akarudi mbio. "Mama Tunu! Kiboko anaitaka dawa yako! Leo nimemrudisha. Kesho je? Ifiche!"

"Wapi? Kabati langu analijua lote!"

"Tumboni mwa Tunu. Huko hatii mkono. Ila usimimine yote kwa mpigo, utamdhuru. Pima kwa kile kikombe chake kidogo, asubuhi na jioni, mpaka dozi iishe."

Mama Ndovu akacheka mpaka masikio yakapepea. "Kiboko atakoma!"

Ukungu ukaja, ukaenda, ukaja tena. Kifua cha Tunu kikatulia tuli, wala hakikurudi. Ndipo Mama Ndovu akaitikisa chupa tupu, akili ikamjia.

"Kindi! Umenichezea!"

"Nimekuchezea, mama. Nilipokwambia kweli, ulinisikia?"

"Na pale zahanati, dirisha la dawa, nani alinieleza kwa nini? Walisema 'kutwa mara mbili', wakafunga dirisha, pa!"



Wanangu, homa kushuka si ugonjwa kwisha: dozi humalizwa, haiwekwi akiba.

Nanyi mliokalia viti nyuma ya madirisha ya dawa, nanyi wakubwa mliowakalisha, be serious! Mwelezeni mzazi kwa nini, mpaka aelewe, ndipo mfunge hilo dirisha lenu.