Jina la Kioo cha Nyuma

Hadithi ninayo, jawabu sina. Mwenye jawabu asubiri zamu yake, asinikatize.

Palikuwa na mafundi watatu katika gereji moja ya Lushoto. Shekue alijaliwa masikio: gari likipita tu, anautaja ugonjwa wake. Hoza alijaliwa mikono: nati iliyowashinda wanaume wanne, kwake hulegea. Mwajabu alijaliwa macho, tena ya kidaku, hayaachi kitu.

Ijumaa moja asubuhi, Bi Kauye alikuwa akimpeleka binti yake harusini Mombo, chini kabisa ya mlima. Gari limejaa maua, mama usukani, binti nyuma na shela lake.

Shekue akaruka katikati ya barabara, mikono juu.

“Mama, simama! Breki za mbele zinasaga chuma kwa chuma!”

“Mwanangu, leo naoza. Sina nafasi ya kuuguza gari.”

Lakini alisimama. Magurudumu ya mbele yalipotolewa, alijionea mwenyewe: diski, yale masahani ya chuma yanayobanwa na breki, zimelika, zimebaki nyembamba, zina mifereji. Alizifikiria kona za kuteremkia Mombo, akamtazama mwanawe. Hapo hapo akaapa: “Atakayenirudishia breki, jina lake nitaliandika kioo cha nyuma, dunia nzima isome!”

Diski mpya na pedi zake za kubania zikaletwa kutoka duka la jirani. Za zamani je? Zimeganda kwa kutu, hazing'oki. Huyu kavuta, yule kavuta, saa sita inabisha hodi, na wanja wa bibi harusi umeshafika mashavuni. Ndipo Hoza akainama. Akatia mafuta, akagonga kwa nyundo taratibu huku akizungusha, akiibembeleza diski kama mtoto asiyetaka kulala. Kang'! Ikaanguka chini. Ya pili ikafuata, na Bi Kauye akapiga vigelegele kama harusi imeshafungwa.

Mpya zikavalishwa. Hoza kashika gurudumu alirudishe, Mwajabu akasema, “Hebu ngoja.” Akapitisha kidole juu ya diski, akawaonyesha: kinang'aa mafuta. Kiwandani hupakwa zisishike kutu, na breki juu ya mafuta haishiki kitu. Akazivua, akazisugua kwa maji moto na sabuni, akazikausha kwa kitambaa safi mpaka kidole kikarudi kikavu.

Basi gari likashuka. Kila kona Bi Kauye akikanyaga, gari linatii. Alifika Mombo anacheka na kulia kwa pamoja, na bwana harusi alikuwa bado yupo.

Kesho yake akarudi gereji na mchoraji.

“Andika Shekue,” akasema Shekue. “Mwanzo wa ngoma ni lele. Bila mimi, nani angejua?”

“Masikio hayang'oi diski!” Hoza akadakia. “Mngekesha mnaisikiliza.”

Mwajabu akacheka. “Nanyi mngemteremsha bibi harusi juu ya mafuta.”

“Andika yote matatu, mama,” mchoraji akashauri.

“Niliapa jina moja,” akajibu Bi Kauye, na furaha yote ya jana ikamgeukia kizungumkuti. Watatu hao anawapenda sawasawa.

Brashi imeshachovywa, rangi inamdondokea mchoraji kiatuni. Bi Kauye kageuka, anakutazama wewe uliyekaa hapo. Je, liandikwe jina la nani?