Mlinzi wa Bwawa na Swali la Binti Yake

Mtu mmoja huko milimani Upareni alikuwa na binti aliyeweza kurudisha maneno kama alivyoyapokea. Binti huyo aliitwa Nakunda. Jumapili, mchungaji akishamaliza kuhubiri, Nakunda alitumwa kwa wagonjwa walioshindwa kufika kanisani. Alisimama miguuni pa kitanda akawatolea mahubiri yote bila kusoma popote, na pale mchungaji alipokohoa, naye alinyamaza kidogo. Hakupunguza wala hakuongeza. Wagonjwa walisema ni kama wamehudhuria ibada wenyewe, na baba yake, Eliamini, aliposikia hayo kifua kilimjaa fahari, ingawa alijifanya anashughulika na jembe.

Eliamini mwenyewe alikuwa mlinzi wa bwawa. Bwawa hilo la mawe na udongo lilijengwa na mababu. Hujaa maji ya kijito usiku kucha, na alfajiri mlinzi huvuta kizibo, maji yakashuka mferejini kwenda mashambani, kila shamba kwa zamu yake. Kazi hiyo Eliamini aliirithi kwa baba yake, na zamu nazo alizirithi vilevile. Shamba la mwisho kwenye zamu lilikuwa la mjane mmoja, Naetwe. Cha ajabu, shamba hilo ndilo lililokuwa karibu na bwawa kuliko yote. Asubuhi nzima maji yalipita pembeni mwake yakienda kwa wengine, na zamu yake ilipofika, kilichobaki kilikuwa tope. Tangawizi yake ilikuwa nyembamba kama vidole vya mtoto. Watu hawakuliona jambo hilo kuwa la ajabu, kwa sababu wote walizaliwa wakalikuta. Eliamini hakumpendelea mtu, hakuhongwa, hakujipa maji ya wizi, na kwa hayo aliheshimiwa kijiji kizima.

Basi Nakunda akafaulu kidato cha nne kwa alama ambazo kijiji hakikuwahi kuziona, akachaguliwa kusoma bure katika sekondari moja ya mjini inayofundisha stashahada ya kimataifa. Masomo yenyewe si ya mchezo. Mwanafunzi husoma sayansi, hesabu na lugha kwa pamoja, hutakiwa kuwatumikia watu nje ya darasa, na juu ya yote huandika utafiti mrefu juu ya swali lake mwenyewe. Baadhi ya waliofika naye walifunga mabegi mapema wakahamia shule za kawaida. Nakunda hakuogopa. Alifanya alichokizoea: alimsikiliza mwalimu wake, Kokusima, neno kwa neno, akaandika neno kwa neno, akampelekea kwa mikono miwili.

Karatasi ikarudi. Mwalimu alikuwa ameandika chini yake, "Haya ni yangu. Yako yako wapi?"

Akaandika nyingine, safari hii akachukua maneno ya vitabuni. Ikarudi vilevile. Akaambiwa aende likizo, akirejea awe na swali lake. Asipokuwa nalo nafasi yake atapewa mwingine, maana wanaoingojea ni wengi.

Alipofika nyumbani alilia mbele ya baba yake. Eliamini alikasirika kwelikweli.

"Mwalimu gani huyo anarudishiwa mali yake halafu anaikataa?"

Kwake yeye huo ulikuwa utovu wa adabu. Mtu akikukabidhi kitu ukamrudishia kamili, ana nini tena cha kukudai? Akaamua kwenda mjini mwenyewe kumweleza mwalimu huyo maana ya uaminifu, hata suruali ya safari ikapigwa pasi.

Kabla ya safari hiyo, asubuhi moja Nakunda alimsindikiza bwawani kama alivyozoea tangu udogoni. Eliamini akavuta kizibo, maji yakashuka. Nakunda aliketi ukingoni akiyatazama yakipita pembeni mwa shamba la Naetwe, na Naetwe mwenyewe alisimama katikati ya tangawizi yake, jembe begani, akiyatazama pia. Nakunda alikuwa ameyaona hayo maisha yake yote. Siku hiyo yalimkera.

"Baba," alisema, "kwa nini mama Naetwe ndiye wa mwisho kunywesha shamba?"

"Ndiyo zamu yake, mama."

"Nani aliipanga?"

Eliamini alikumbuka baba yake akimtajia mashamba, la kwanza hadi la mwisho, naye akiyarudia mpaka yakamkaa kichwani, na mzee akampiga bega kwa furaha. Sababu hakupewa, wala haikumjia kuiomba. Aliona aibu, kisha akaona hasira, na kwa kuwa hasira ndiyo aliyoizoea, akaishika hiyo. Akamwambia binti yake kwamba hakupelekwa shule ili aje kuokota maswali mferejini, na kwamba akilipeleka hilo mjini atakuwa amemvua baba yake nguo hadharani. Nakunda alikuwa amepata swali lake, la kwanza tangu azaliwe, na mtu pekee aliyezijua zamu zote, ambaye bila yeye utafiti usingesimama, alikuwa amempa kisogo.

Likizo ikaenda hivyo. Hawakugombana. Walisalimiana, wakala pamoja, wakaulizana habari za mbuzi. Safari ya mjini Eliamini hakuitaja tena. Lakini kila alfajiri alipovuta kizibo alijikuta anamtazama Naetwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Naetwe, asiyejua lolote, alimpungia mkono kwa heshima kama siku zote. Hilo lilimuuma Eliamini kuliko kama angetukanwa.

Siku ya kuondoka, Nakunda alimfuata baba yake bwawani kumuaga. Alikuwa amekwisha kujiambia kwamba anakwenda shuleni kuchukua godoro na vitabu vyake arudi nyumbani, basi. Akampa shikamoo. Eliamini aliitikia, akamwambia aketi, atoe kalamu. Akamtajia mashamba yote, taratibu, na binti akaandika. Walipofika kwa Naetwe, Nakunda aliinua kalamu akangoja, maana hapo palitakiwa sababu.

"Andika kwamba mlinzi wa bwawa hajui," alisema Eliamini.

Nakunda akaandika. Huko mjini Mwalimu Kokusima aliisoma karatasi hiyo mpaka mwisho, safari hii hakuandika kitu chini yake, akamwambia aendelee. Nafasi yake hakupewa mwingine.

Na kule milimani, alfajiri iliyofuata kuondoka kwa Nakunda, watu walifika bwawani na majembe yao, wakasimama kila mmoja mahali pa zamu yake. Maji yalikuwa yamefika ukingoni. Eliamini alikishika kizibo, hakukivuta. Wakamwambia jua linapanda. Yeye akawatazama mmoja mmoja, akamtazama na Naetwe, aliyesimama nyuma yao wote ingawa shamba lake lilikuwa mbele, kisha akawauliza swali la binti yake. Kila mtu alimgeukia mwenziwe.

Nanyi mlioketi hapa, mliopokea mengi mkayarudisha bila kupunguza wala kuongeza, mkaitwa waaminifu: ni nani huyo aliyesimama pembeni mwa mfereji wenu, akiyatazama maji yakipita?