Zimwi Lililokalia Kisima cha Kwemboza

Mpo, wenzangu? Kama mpo, sogeeni mnisikilize.

Mji wa Kwemboza ulikuwa na kisima kimoja tu. Siku moja zimwi likaketi kinywani mwa kisima hicho, likanguruma: "Wenyeji wa siku nyingi waje wanieleze wazee wao waliutendea nini mji huu. Kwa kila uongo nakunywa maji yenu. Kwa uongo wa tatu nawameza nyinyi."

Akaenda Mzee Shekiondo. "Babu yangu alikichimba kisima hiki peke yake." Zimwi likagugumia, gu! gu! gu! Maji yakashuka nusu.

Akaenda Mzee Kiluwa. "Bibi yangu hakumnyima mtu chakula maishani mwake." Gu! gu! gu! Likabaki tope.

Watoto wakaanza kulia. Wa tatu alikuwa Bi Namkunda, mfinyanzi.

"Tuokoe, Bi Namkunda!"

"Nikisema mtanichukia," akajibu, kisha akaligeukia zimwi. "Mwaka wa ukame babu yangu alikizingira kisima hiki kwa mkuki, akawanywesha wanawe tu. Watoto wa majirani wakafa kwa kiu."

Zimwi likamtazama, likamtazama, likamtazama. Kisha likayatapika maji yote, likatoweka.

Kisima kikafurika, lakini hakuna aliyechota. Namkunda akainamisha kichwa, akingoja mawe. Mzee Shekiondo, ambaye shangazi zake wawili walikufa ukame ule wangali watoto, akamwendea polepole, akamjazia mtungi, akamtwika.

"Nenda ukapike, dada yangu," akasema. "Kesho uje utuambie yote."

Nami hapa natua mzigo wangu.