Kwa Nini Matanga Huanuliwa kwa Sauti

Apa kwanza. Shika sikio lako useme hutamwambia mtu, hata dada yako. Haya. Mimi nami niliapishwa hivyohivyo na marehemu nyanya yangu, Bi Mwanakheri, na jua halikuchwa kabla sijamwambia jirani. Basi sogea.

Zamani matanga hayakuwa na mwisho. Mtu akifa, mikeka ilitandikwa, watu wakaja, wakalia, wakala, kisha wakapungua mmoja mmoja. Hakuna aliyesimama kusema yamekwisha, maana ilionekana ni kumfukuza mgeni. Na mgeni wa msiba haulizwi atokako. Anakaa, anapakuliwa.

Huko Mikunguni akafa Mbaruku, fundi wa kusuka mikeka, mlafi wa ukoko asiyejificha. Alikuwa akiukwangua chunguni kwa kidole chake kilichopinda, wageni wakimwona. Mkewe Mwanasiti akabaki na watoto wadogo na ghala la mpunga, mwingine wa kula, mwingine wa mbegu. Mila ilikuwa mfiwa mwenye wageni hashiki jembe. Basi akakaa, akapika, akangoja waishe.

Wageni walipungua, chakula hakikubaki. Kila chungu kilirudi jikoni kimekwanguliwa mpaka kinang'aa. Na kwenye pembe ya mkeka alikaa mtu aliyejifunika shuka jeupe gubigubi, akilia kuwashinda wote. Upande wa mume walidhani ni wa upande wa mke. Upande wa mke walidhani ni wa kwa mume. Paka alipofika pembe ile alizunguka mbali. Na ukipapasa mkeka pale alipokaa, ulikuwa na unyevu, kama uliotandikwa juu ya udongo uliofukuliwa.

Bi Mkasi, jirani asiyefunga mdomo, akamnong'oneza mfiwa: "Shoga, yule wa pembeni ni wa kwenu?"

"Wa kwetu wapi? Si wa kwa shemeji?"

"Shemeji yako ndiye kaniuliza mimi."

Mawingu ya masika yakatanda na mpunga wa kula ukaisha. Siku hiyo Mwanasiti alianza kutwanga mbegu. Alitwanga akilia, na safari hii hakumlilia mume. Aliwalilia watoto, maana mvua ingenyesha naye hana cha kupanda.

Adhuhuri, watu wote wameketi, akatua chungu katikati, akageuka kuchukua sahani. Akasikia kwaruzo. Alipogeuka, mkono ulikuwa umetoka chini ya shuka na kuzama chunguni, na kidole kilichopinda kilikuwa kinakwangua.

Akaudaka. Ulikuwa wa baridi, kucha zimejaa udongo mwekundu. Shuka likateleza begani.

"Niachie, mke wangu," Mbaruku akasema taratibu, punje za wali midomoni. "Nami nimekuja kulia kama hawa." Akawatazama mmoja mmoja. "Ila nimeona haya kuuliza. Nani aliyekufa?"

Mwanasiti hakuuachia mkono.

"Ni wewe, baba watoto," akasema. "Tumekulilia, umekula, umeshiba. Matanga yamekwisha."

Mbaruku akameza punje zile. "Mbona hamkusema?"

Mwanasiti akasimama, akayarudia maneno yale kwa sauti iliyofika njiani. Mkono ukawa mwepesi, ukawa mwepesi zaidi, mpaka kiganjani mwake kikabaki kipande cha ukoko. Wakaianua mikeka, wakaikung'uta uani, na mbegu iliyosalia ikawahi mvua.

Na tangu siku hiyo mikeka ya msiba haikunjwi kimyakimya. Mtu mzima husimama mbele ya wote, hutamka kuwa matanga yameanuliwa, na chungu hufudikizwa. Nawe ukienda msibani ukamkuta mgeni amejifunika pembeni, muulize wa nani. Akikasirika, mpakulie, huyo yu hai.